Kompyuta ya Nyumbani Inapokataa Kuingia Mtandaoni: Tuanzie Wapi?

Katika makala hii tunazungumzia jambo linalosumbua nyumba nyingi: kompyuta inawaka vizuri, mafaili yanafunguka, lakini intaneti haipatikani. Zamani huo ungekuwa usumbufu mdogo. Leo maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika mtandaoni, udahili wa vyuo hivyohivyo, hata cheti cha kuzaliwa kinaombwa mtandaoni, na dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Kijana ambaye kompyuta ya nyumbani imemgomea usiku wa mwisho hana muda wa kubahatisha.

Ipo hasara nyingine ambayo ni kubwa zaidi. Mtu akikosa intaneti, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kubeba kompyuta kuipeleka kwa fundi. Fundi mwenye haraka hapotezi muda kutafuta chanzo: anapiga Windows upya. Picha za familia zinafutika, pamoja na kazi ya utafiti iliyobakiza sura moja na orodha ya michango ya jumuiya ya miaka mitatu. Kompyuta inarudi nyumbani ikiwa safi na tupu, na bado intaneti haipatikani, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kompyuta. Kilichokwisha ni kifurushi.

Basi tuanze na neno moja la kushika. Kukosa intaneti ni kukatika kwa njia, na njia hiyo ina vituo kadhaa. Kabla ya kubadilisha chochote, tujue kwanza njia imekatikia kituo gani. Anayejua hilo ama atalirekebisha mwenyewe, ama atamwambia fundi jambo moja linaloeleweka, na mafaili yake yatabaki salama.

Vituo vitano vya safari

Tunapoandika anwani ya tovuti na kubonyeza, ombi letu linasafiri. Kituo cha kwanza ni kompyuta yenyewe, pamoja na kifaa cha mtandao kilichomo ndani yake. Cha pili ni njia kati ya kompyuta na ruta, iwe mawimbi ya waifai au kebo. Cha tatu ni ruta, au simu iliyowashwa hotspoti. Cha nne ni kampuni inayotuuzia huduma, kupitia mnara wake au waya wa faiba unaoingia nyumbani. Cha tano ni dunia ya nje, yaani nyaya kubwa zinazopita chini ya bahari hadi kwenye seva inayotunza ukurasa tunaoutaka.

Ugumu wake ni kwamba kituo chochote kikikatika, mbele ya macho yetu matokeo ni yaleyale: ukurasa haufunguki. Ndiyo maana mtu anaweza kuhangaika na kompyuta saa nzima wakati mnara wa simu ndio uliozimika. Dawa yake ni kuuliza kila kituo swali lake, kwa utaratibu.

Kabla hatujaendelea, tuondoe kosa moja la kawaida. Vile vistari vya waifai vinavyoonekana pembeni mwa skrini havipimi intaneti. Vinapima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta tu. Vinaweza kujaa vyote huku ruta yenyewe haina njia ya kwenda nje. Ni sawa na bomba la nyumbani lililofungwa vizuri kabisa wakati tangi halina maji.

Swali la kwanza: ni kompyuta hii tu, au ni vifaa vyote?

Swali hili moja linaigawa njia katika sehemu mbili, nalo halihitaji utaalamu. Chukua simu, zima data yake, iunganishe na waifai ileile ya nyumbani, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua hivi karibuni.

Data izimwe kweli. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data yake, nasi tukadhani waifai ni nzima. Ukurasa nao uwe mpya, kwa sababu ule wa zamani simu inaweza kuutoa kwenye kumbukumbu yake bila kwenda mtandaoni.

Simu ikifungua ukurasa, basi ruta, kampuni na dunia ya nje viko salama, na tatizo liko kati ya ruta na kompyuta. Simu nayo ikishindwa, tuiache kompyuta kwanza; huenda haina kosa lolote. Kwa anayetumia hotspoti ya simu, jaribio ni jepesi zaidi: afungue ukurasa kwa simu ileile inayogawa intaneti. Ikishindwa yenyewe, haiwezi kuigawia kompyuta kile isichokuwa nacho.

Ikiwa vifaa vyote vimeshindwa

Tuanze na kifurushi. Angalia salio la bando la laini iliyomo ndani ya ruta. Laini ya simu yako ya mkononi ina salio lake. Wengi hushangaa: "Nimeweka jana tu, limeishaje?" Kompyuta hula bando kuliko simu. Windows hupakua masasisho yake yenyewe bila kuuliza, na yale makubwa yanaweza kuzidi gigabaiti moja. Kifurushi kilichowekwa asubuhi kinaweza kuisha kabla mtoto hajarudi shuleni. Ili kuzuia hali hiyo, ingia kwenye mipangilio ya waifai ya kompyuta, fungua sifa za mtandao wako, na uiambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa. Kuanzia hapo itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake. Tukumbuke tu kuruhusu masasisho mara moja moja tunapopata mtandao wa bure au usio na kikomo, kwa kuwa ndiyo yanayoikinga kompyuta.

Kama salio lipo, tuzime na kuwasha ruta. Ruta ni kompyuta ndogo; ikikaa muda mrefu bila kupumzika, au umeme ukikatika na kurudi mara kadhaa, inaweza kuchanganyikiwa. Chomoa waya wake wa umeme, subiri sekunde 30, chomeka, kisha vumilia dakika mbili au tatu. Inahitaji muda huo kutafuta mnara na kuomba upya nafasi kwa kampuni.

Hapa tunaomba tahadhari. Kuzima na kuwasha ni jambo moja. Kubonyeza kile kitufe kidogo kilichofichwa kwenye tundu, kinachofikiwa kwa pini, ni jambo jingine kabisa. Kitufe hicho kinairudisha ruta katika hali ya kiwandani. Jina la mtandao, neno la siri na mipangilio ya kampuni hufutika. Tatizo la dakika tano linageuka kuwa la siku mbili.

Tazama pia chaja ya ruta. Chini ya ruta pameandikwa inahitaji volti ngapi na ampea ngapi. Nyingi hutumia volti 12. Chaja ya asili ikiharibika na kubadilishwa kwa yoyote iliyopatikana dukani, ruta inaweza kuwasha taa zake lakini ikazima na kuwaka yenyewe kila baada ya muda, au ikaungua kabisa. Volti lazima zilingane, na ampea za chaja zisipungue zile zilizoandikwa.

Halafu tusome taa. Kwa ruta ya laini ya simu, taa ya mtandao wa nje ikiwa nyekundu au imezimika, ruta haijaupata mnara. Toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu na uirudishe. Nyumba nyingi zetu zimeezekwa kwa bati, na bati huzuia sana mawimbi, hivyo kuisogeza ruta dirishani, upande ulio na mnara, kunaweza kuleta tofauti kubwa. Kama umebadilisha laini na kuweka ya kampuni nyingine, kumbuka mambo mawili: ruta nyingine zimefungwa zikubali laini za kampuni iliyoziuza tu, na kila kampuni ina jina lake la njia ya data, liitwalo APN, ambalo wakati mwingine lazima liandikwe kwa mkono.

Kwa wenye faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki nyumbani, na hakuna lolote ndani ya kompyuta litakalosaidia. Kagua kama waya umekunjwa sana au umebanwa na mlango, kwa sababu ndani yake kuna uzi wa kioo. Usiuchomoe na kuuchungulia. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Hapo tupigie kampuni simu.

Na wakati mwingine hata kampuni haina la kufanya kwa haraka. Tarehe 12 Mei 2024 watu wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani walikosa intaneti au waliipata kwa kusuasua. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa kusini, katika bahari ya Afrika Kusini. Nyaya hizo mbili, zilizoanza kazi mwaka 2010 na 2009, hubeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia, na meli maalumu ndiyo iendayo kuinua waya na kuuunga. Siku kama hiyo aliyeipeleka kompyuta kwa fundi alipoteza fedha yake bure. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, uliza jirani anayetumia kampuni nyingine. Naye akiwa hana intaneti, funga kompyuta usubiri.

Ikiwa ni kompyuta peke yake

Simu inafungua kurasa, kompyuta haifungui. Sasa tuikague kompyuta, tukianza na vitu vyepesi.

Tazama alama ya ndege pembeni mwa skrini. Hali ya ndege ikiwashwa, waifai yote huzimika, na kwenye kompyuta mpakato nyingi inatosha kugusa kitufe kimoja cha juu kwa bahati mbaya. Baadhi ya mpakato za zamani zina swichi ndogo ya waifai ubavuni. Ikisukumwa wakati wa kubeba begi, hakuna programu itakayoiwasha tena mpaka irudishwe kwa kidole.

Hakikisha umeunganishwa na mtandao wako. Kompyuta hukumbuka mitandao ya zamani, na inaweza kuwa imejishikiza kwenye hotspoti ya jirani aliyewahi kukusaidia, ambayo leo haina bando.

Kama neno la siri la waifai lilibadilishwa, kompyuta inaweza kuendelea kujaribu lile la zamani. Iambie iusahau mtandao huo, kisha iunganishe upya na kuandika neno jipya. Angalia herufi kubwa na ndogo, na usichanganye sifuri na herufi O.

Ikiwa jina la mtandao halionekani kabisa kwenye kompyuta lakini simu inaliona, huenda ni suala la masafa. Ruta za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi lakini hayafiki mbali wala hayapenyi kuta vizuri, ya 2.4 hufika mbali zaidi. Kompyuta nyingi za zamani zinaona ya 2.4 tu. Hotspoti ya simu mpya ikiwekwa kwenye 5, kompyuta hiyo haitaiona hata ikiwekwa mezani kando yake. Badilisha kwenye mipangilio ya simu, nayo itaonekana.

Anayetumia kebo achomoe na kuchomeka mpaka asikie inakwama, kisha atazame vitaa vidogo kwenye tundu. Visipowaka, jaribu kebo nyingine au tundu jingine la ruta. Kile kidude cha plastiki cha kushikilia kikivunjika, kebo huachia kila meza inapotikiswa.

Maswali manne ya kuandika

Yote hayo yakiwa sawa na bado hali ni ileile, tuiulize kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Lisikutishe: tutakayoandika mwanzoni ni maswali tu, na maswali hayaharibu kitu.

Andika ipconfig. Tafuta mstari ulioandikwa IPv4 Address. Hiyo ndiyo namba ambayo ruta imeipa kompyuta yako. Nyumbani kwa kawaida huanza na 192.168, au 10, au 172. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba namba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo njia imekatika kati ya kompyuta na ruta. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, ili iombe upya. Ikishindwa, zima na kuwasha ruta. Angalia pia idadi ya vifaa: ruta ndogo za mfukoni zina kikomo, nyingine huhudumia vifaa 10 tu, na siku ambayo wageni wamejaa nyumbani kompyuta inaweza kukosa nafasi.

Chini ya mstari huo kuna mwingine ulioandikwa Default Gateway. Namba yake ndiyo anwani ya ruta, yaani mlango wa kutokea. Sasa andika ping, acha nafasi, halafu andika namba hiyo. Kwa mfano: ping 192.168.1.1. Kompyuta itabisha hodi mara nne. Ikijibiwa, utaona muda uliotumika kwa milisekunde, na hapo kituo cha pili na cha tatu viko salama. Isipojibiwa, skrini itasema kwa Kiingereza kwamba muda umekwisha au mahali hapo hapafikiki, nawe utajua tatizo liko ndani ya nyumba.

Swali la tatu ni ping 8.8.8.8. Namba hiyo ni ya huduma ya majina ya Google, nayo ipo nje ya nyumba na nje ya kampuni yako. Ikijibu, intaneti ipo na inaifikia kompyuta yako. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 isijibu, njia imekatika baada ya ruta.

Swali la nne ni ping google.com. Hapa tumeandika jina badala ya namba. Kama namba ilijibu lakini jina limeshindwa, tumempata mkosaji: ni mfumo wa majina.

Tunashauri majibu haya manne yaandikwe kwenye karatasi. Ndiyo yatakayokuwa na thamani kwa fundi au kwa mhudumu wa kampuni.

Njia ipo, lakini kurasa hazifunguki

Mfumo wa majina, ambao kwa kifupi huitwa DNS, ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris. Kazi yake ni kama ya kitabu cha simu: sisi tunakumbuka jina, mashine zinahitaji namba. Kitabu hicho kisipopatikana, intaneti ipo lakini kila tovuti unayoiita kwa jina inaonekana imekufa. Kwanza andika ipconfig /flushdns, ili kompyuta isahau majibu ya zamani yaliyoharibika. Ikishindwa, fungua mipangilio ya mtandao na uweke mwenyewe anwani ya DNS: 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya kampuni ya Cloudflare.

Mkosaji wa pili hutambulika mara chache, nalo jambo lenyewe ni dogo: tarehe. Tovuti salama huonyesha cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Vingine huishi siku 90 tu. Kompyuta ambayo saa yake imerudi miaka kumi nyuma itaona kila cheti si halali, na kivinjari kitakataa kufungua kikisema muunganisho si salama. Kama tarehe inapotea kila unapozima, betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya kompyuta imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani huwa ni CR2032 ya volti 3, ileile inayopatikana kwenye maduka ya saa. Wapo waliofutiwa Windows yote kwa ajili ya kibetri hicho.

Wa tatu ni programu zinazojiweka katikati: VPN iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, antivirasi iliyokwisha muda wake, au mbili zinazogombana. Zizime kwa dakika chache ujaribu. Tatizo likiondoka, umelijua. Washa tena ulinzi wako au uondoe kabisa ile isiyotumika.

Wa nne ni umri. Kompyuta ya Windows 7 inaweza kuwa na intaneti kamili na bado ikashindwa kufungua baadhi ya tovuti, kwa sababu vivinjari vipya vimeacha kuihudumia. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109. Dalili yake ni kwamba tovuti nyingine zinafunguka na nyingine hazifunguki, kila siku zilezile.

Kompyuta iliyotoka chuoni

Wanafunzi wa vyuo na seminari wanapaswa kulijua hili kwa namna ya pekee. Mtandao wa chuo mara nyingi hupangwa tofauti na wa nyumbani. Huenda kompyuta ilipewa namba maalumu ya kudumu, au ilielekezwa ipitie seva ya kati, iitwayo proksi, inayosimamia matumizi ya wote. Mwanafunzi akirudi nyumbani likizo, kompyuta inaendelea kumtafuta mlinzi wa mlango ambaye hayupo, na intaneti inagoma. Wazazi hudhani imeharibikia njiani.

Suluhisho ni kufungua mipangilio ya mtandao, kuzima proksi iliyowekwa kwa mkono, na kuiacha namba ya IP pamoja na DNS zitafutwe zenyewe. Lakini kabla ya kuzima, piga picha mipangilio ya chuo kwa simu, ili ukirudi usimsumbue msimamizi wa mtandao. Na ukikuta proksi kwenye kompyuta ambayo haijawahi kwenda chuoni wala ofisini, jihadhari: programu hatarishi huiweka ili kupitisha mawasiliano yako kwao. Izime, kisha kagua kompyuta kwa antivirasi.

Kabla ya kupiga Windows

Ikiwa yote yameshindwa na majibu yanaonyesha wazi kwamba tatizo liko ndani ya kompyuta, bado kuna hatua kabla ya kufuta. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta utazame kama kifaa cha mtandao kina alama ya mshangao ya njano. Hiyo ina maana kwamba draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa hicho, ina shida. Kiondoe kwenye orodha, zima na kuwasha kompyuta, na mara nyingi Windows itakirudisha yenyewe. Kama inahitaji draiva mpya, ipakue kwa kutumia simu na kuihamisha kwa waya.

Hatua ya mwisho ni kuirudisha mipangilio ya mtandao upya. Windows 10 na 11 zina sehemu hiyo ndani ya mipangilio yake ya mtandao. Inaondoa na kusakinisha upya vifaa vyote vya mtandao, nayo itasahau maneno ya siri ya waifai, hivyo uwe nayo karibu. Lakini haigusi picha wala waraka wowote. Kwa tatizo la intaneti, hatua hii hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo watu huitafuta kwa kupiga Windows, bila hasara yake.

Kama bado, sasa nenda kwa fundi, na uende ukiwa na mambo mawili. Kwanza, nakala ya mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Kukosa intaneti hakukuzuii kunakili; kompyuta inayowaka inakupa nafasi hiyo leo. Pili, karatasi yenye majibu yako. Mwambie hivi: "Simu inapata intaneti kwenye waifai ileile. Kompyuta inapewa namba inayoanza na 169.254. Nimezima na kuwasha ruta. Naomba usifute kitu bila kuniuliza." Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa nusu ya kazi yake umemfanyia. Yule ambaye jibu lake pekee ni kufuta, unaweza kumshukuru na kuchukua kompyuta yako.

Maneno hayohayo yanafaa kwa mhudumu wa kampuni. Anayesema "mtandao haufanyi kazi" ataambiwa azime na kuwasha. Anayesema "ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, vifaa vyote vitatu vimeshindwa tangu saa mbili usiku" amekwisha kuonyesha kwamba hitilafu haiko nyumbani kwake.

Tunashauri kila nyumba ifanye zoezi hili siku ambayo intaneti ipo. Kaeni na watoto, andikeni ipconfig, bisheni hodi kwenye ruta na kwenye 8.8.8.8, mwone majibu mazuri yanafananaje. Andikeni anwani ya ruta, neno la siri la waifai na namba ya laini iliyomo ndani ya ruta kwenye kikaratasi, mkibandike mahali pa familia. Na anayeomba mkopo au udahili asingoje usiku wa mwisho. Njia ina vituo vitano, na vitatu tu kati yake ndivyo vilivyo mikononi mwetu.